Antivairasi Mbili Zinapotuhumiana

Katika mji wetu wa Bariadi, ambao tangu mwaka 2012 ndio makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, kompyuta za ofisi ndogo za uchapaji aghalabu hupata virusi kwa njia ya flashi: mwanafunzi huja na kazi yake, karani wa chama cha msingi huja na orodha ya wakulima wa pamba, na kabla ya adhuhuri folda zote zimegeuka shotikati. Kwa hadhari hiyo, wengi wetu huweka antivairasi mbili, kwa dhana kwamba ulinzi ukizidi na salama huzidi.

Dhana hiyo ni batili. Antivairasi iliyo macho hulizuia kila faili linapofunguliwa, ikalipekua kwanza. Basi zikiwapo mbili, upekuzi wa hii huamsha upekuzi wa ile, na kompyuta ikaelemewa hata kalenda isifunguke. Tena orodha ya alama za virusi, ambayo kila programu huibeba ili ivitambue, yaweza kuonekana mbele ya mwenziwe kuwa ndiyo virusi vyenyewe, mfano wa sungusungu wa vijiji viwili wakikutana gizani na pinde zao.

Kwangu, lililotuhumiwa lilikuwa faili la Excel lenye makro za kujumlishia kilo za pamba. Antivairasi ya kulipia ililitia karantini. Windows Defender, niliyoiachia ukaguzi wa mara kwa mara, haikuona kitu.

Hali kama hiyo ikikufika, usibonyeze Futa. Soma jina la tuhuma na anwani ya folda: ikiwa faili limo ndani ya folda ya antivairasi ya pili, huo ni ugomvi wao wawili, na jina likiwa na «Heur» au «Gen», aghalabu programu imekisia kwa kufananisha, wala haikukitambua kirusi kwa yakini. Kisha tafuta mashahidi wengine katika tovuti ya VirusTotal, ambayo hulipitisha faili mbele ya antivairasi zaidi ya 60, lakini usipeleke huko majina na namba za simu za wakulima, maana tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mimi nilitoa nakala, nikafuta majina yote, nikabakiza makro tupu; karibu programu zote zikanyamaza, nami nikalirejesha faili langu.

Wala kosa hili si la programu dhaifu peke yake. Tarehe 21 Aprili 2010, sasisho la McAfee lililituhumu faili la svchost.exe, ambalo ni kiungo cha Windows XP yenyewe, na kompyuta nyingi duniani zikawa zinajizima na kujiwasha pasipo kikomo.

Baada ya hayo nimeacha moja tu iwe macho, na ya pili huiita mwenyewe, mara mojamoja, ikague na kuondoka. Bando la kusasisha nalo limepungua. Nawasihi mafundi wa Bariadi, Maswa na Lamadi: mteja akileta kompyuta, mwekeeni antivairasi moja, na kabla hajaondoka mwonyesheni namna ya kuisasisha.