Urithi wa Nyimbo na Ujasiri wa Mtoto Darasani

Siku ya mgeni rasmi inapokaribia, mwalimu wa kwaya hupita mbele ya safu akisikiliza sauti. Akimkuta mtoto aimbaye kombo, humnong'oneza: "Wewe fungua kinywa tu, usitoe sauti." Kwaya husifiwa, mgeni hupiga makofi, na mtoto yule hujifunza jambo lisiloandikwa katika mtaala wowote: kwamba yeye hawezi kuimba. Baada ya miaka mingi huenda akaingia chuo cha ualimu, na kipindi cha muziki kitakapofika atawapa wanafunzi wake hesabu za kunakili. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi urithi huo unavyopokezanwa, na jinsi mwalimu anayeanza kazi awezavyo kuukata kwa kutumia urithi mwingine, yaani nyimbo ambazo watoto huja nazo kutoka nyumbani.

1. Urithi wa mwalimu

Mnamo 1975 mwanasosholojia wa Marekani, Dan Lortie, alitoa kitabu juu ya kazi ya ualimu. Alikadiria kuwa kijana wa nchi ile amalizapo sekondari amekwisha kukaa na walimu darasani kwa saa 13,000. Muda wote huo amekuwa kama mwanagenzi anayemtazama fundi: huiona patasi ikifanya kazi, lakini haambiwi kwa nini imeshikwa hivyo. Ndiyo maana mwalimu mpya, akibanwa na darasa, aghalabu huziacha mbinu za chuoni na kufundisha kama alivyofundishwa. Basi kabla hujaandika andalio la somo la muziki, jiulize: ni nani aliyenifundisha kuimba, na alinitendea nini nilipokosea?

2. Mfano wa Wavenda

John Blacking, mwanaanthropolojia Mwingereza, alifanya utafiti miongoni mwa Wavenda wa Afrika Kusini kati ya 1956 na 1958. Katika kitabu chake cha 1973 alieleza kuwa jamii ile ilichukulia kwamba kila mtu aweza kuimba na kucheza. Hata wale waliotazamiwa kuwa mafundi kwa sababu ya ukoo wao, ilijulikana kuwa wasipotoa muda na nguvu zao hawangefika mbali.

Ngoma yao kuu, tshikona, inatufaa sana kama somo. Kila mpuliza filimbi ana filimbi yenye sauti moja tu. Peke yake hawezi kutoa wimbo. Wimbo hutokea pale kila mmoja anapopuliza kwa zamu yake bila kuchelewa. Mwenye sauti moja ni wa lazima sawa na mwenzake, kwani akinyamaza yeye, pengo husikika. Tulinganishe na mtoto wetu aliyeambiwa asitoe sauti: huyu alifundishwa kuwa wimbo hukamilika bila yeye.

3. Ujasiri hutoka wapi?

Mnamo 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura alitaja vyanzo vinne vya imani ya mtu kwamba aweza kutenda jambo fulani. Cha kwanza, kilicho na nguvu kuliko vyote, ni kulitenda na kufaulu. Cha pili ni kumwona mtu aliye kama yeye akifaulu. Cha tatu ni maneno ya kumtia moyo. Cha nne ni hali ya mwili na moyo wake, kwa kuwa mwenye kutetemeka hudhani ameshindwa kabla hajaanza. Mwalimu atambue kuwa sifa tupu haziwezi kushika nafasi ya kufaulu kwenyewe. Hapana budi kazi ipangwe hivi kwamba mtoto afaulu kweli, kwanza kwa jambo dogo.

4. Hatua za somo

(a) Matayarisho. Wiki moja kabla ya somo, waagize wanafunzi waulize nyumbani nyimbo za kazi, za michezo au za kubembelezea watoto. Waulize pia huimbwa lini na nani. Nyimbo za jando na unyago, au nyingine zenye miiko, zisiletwe darasani bila ridhaa ya wazee.

(b) Kuanza. Chagua wimbo mmoja wenye kiitikio kifupi. Mwanafunzi anayeujua awe mwalimu wa wimbo huo, nawe ujifunze pamoja na darasa. Anzeni kwa sauti iliyowafaa watoto. Mwalimu mwanamume akianzisha kwa sauti nzito, baadhi ya watoto hujaribu kumfuata chini wasikoweza kufika, kisha huonekana hawajui kuimba.

(c) Vikundi. Gawa darasa katika vikundi vya watoto watano au sita. Kila kikundi kipewe mlio mmoja tu: makofi, vijiti, kopo lenye kokoto, au chupa ya maji ya kugongwa. Kila kikundi kiingie kwa zamu yake wakati wa kiitikio.

(d) Mtu mmoja mmoja. Anayependa aongoze mstari mmoja akiwa mahali pake, si mbele ya darasa. Asiyependa asilazimishwe; zamu yake itakuja.

(e) Masahihisho. Taja kosa, usimtaje mtu. Badala ya kusema "Huna sauti," sema "Mwisho wa mstari tumeshuka mapema, tusikilize tena."

5. Hitimisho

Huenda mtu akauliza: je, kwaya ya shule haitaharibika? Huenda siku ya kwanza isipendeze sana masikioni mwa mgeni rasmi. Lakini mgeni huondoka jioni ile ile, na mtoto hubaki na sauti yake, au na ukimya wake, maisha yote. Mwalimu achague amwimbishie nani.

Maswali ya majadiliano

1. Eleza tukio moja la utotoni lililokuongezea au kukupunguzia ujasiri wa kuimba. Mwalimu wako alitumia chanzo kipi kati ya vile vinne?
2. Chagua wimbo mmoja wa nyumbani kwenu, kisha andika andalio la somo ambalo ndani yake kila mwanafunzi ana sehemu isiyoweza kuachwa.