Soma Oili Kabla ya Kushusha Giaboksi

Mwandiga ni njia panda ya milima. Gari lililotoka Kigoma mjini likipita hapa kuelekea Kalinzi na Manyovu, linaanza kupanda likiwa na abiria hadi mlangoni na madumu ya mawese nyuma ya siti ya mwisho. Kwa kazi ya namna hiyo, kinachoua giaboksi mapema ni joto na oili isiyo yake. Mafundi wengi wa gereji huanza kwa kulegeza bolti. Mimi nasema tuanze kwa kuchomoa stiki ya oili ya giaboksi.

Kwa gari la otomatiki la Toyota, liendeshe kwanza mpaka lipate moto. Simama pa tambarare, vuta hendibreki, acha injini ikiunguruma. Mguu ukiwa kwenye breki, pitisha gia zote kutoka P mpaka L, kisha urudi P, ukitulia kidogo kwenye kila moja. Chomoa stiki, ifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, irudishe mpaka mwisho, ichomoe tena. Oili iwe ndani ya alama za HOT. Honda hupimwa tofauti: injini huzimwa kwanza, na kipimo kinasomwa ndani ya dakika moja na nusu. Magari mengi ya karibuni hayana stiki kabisa. Hayo hupimwa kwa bolti ya chini, joto la oili likisomwa kwa mashine, na hapo umwite fundi mwenye vifaa.

Sasa tazama rangi na unuse. Oili nzima ni nyekundu inayopitisha mwanga, haina uzito wala weusi wa mawese ya zamani. Ikiwa ya kahawia, imechoka. Ikinuka kuungua, pleti za klachi za ndani zimeanza kuliwa, na oili mpya haitazirudisha. Ikiwa ya pinki yenye utando wa maziwa, maji yameingia. Chanzo huwa mara nyingi ni rejeta, kwa kuwa kwenye magari mengi bomba la kupoozea oili ya giaboksi limepita ndani ya rejeta hiyo hiyo. Gari la namna hiyo lisitembee hata kilomita moja zaidi, maana maji hubandua gamba la pleti. Rejeta ishughulikiwe kwanza, ndipo oili.

Kuhusu aina ya oili nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Dukani utaambiwa "haidroliki ni haidroliki". Si kweli. Toyota nyingi za miaka ya 2000 zinataka T-IV, zilizofuata zinataka WS, na mbili hizo hazibadilishani. Nissan X-Trail ya kizazi kilichoanza 2007 yenye CVT haina gia za kawaida ndani: mkanda wa chuma huzunguka puli mbili zinazoubana, na oili yake, NS-2, imetengenezwa ili mkanda ule usiteleze. Ukiimiminia oili ya otomatiki ya kawaida, mkanda utakwaruza puli. Soma maandishi kwenye stiki au kwenye kitabu cha gari, na ukinunua, nunua kopo lililofungwa.

Unapomwaga, usitegemee oili yote itoke. Nyingi hubaki ndani ya tokonveta. Pima iliyotoka, rudisha kiasi hicho hicho, kisha pima upya gari likiwa na moto. Kabla hujarudisha oili, fungua sampu uangalie sumaku: tope laini la kijivu ni la kawaida, vipande vya chuma ni habari mbaya. Kwa gari la mizigo na milima, nashauri ubadilishe kila kilomita 40,000. Oili chafu iwekwe kwenye dumu lenye kifuniko, isimwagwe mtaroni, kwa sababu mitaro yetu huishia ziwani.

Taa ya O/D OFF ikipepesa yenyewe, au gari likikwama kwenye gia moja, shuku umeme kabla ya chuma. Waya uliokatika au solenoidi iliyokufa hufanya gari lionekane limekufa giaboksi. Lipimwe kwa kompyuta kwanza.

Hiace na magari mengine ya klachi yana vipimo vyake vyepesi. Ukiwa gia ya tatu pa tambarare, kanyaga mafuta: injini ikipandisha sauti na mwendo ukabaki pale pale, klachi pleti imekwisha. Kelele inayokuja ukikanyaga klachi ni rilizi beringi. Kelele iliyopo ukiwa frii, ikatoweka ukikanyaga, ni beringi ya giaboksi yenyewe. Gia zikigoma kuingia, tazama kwanza kama oili ya klachi imepungua kwenye kikombe chake.

Mlimani, otomatiki ikihangaika kupanda na kushuka gia, zima ovadraivi, joto litapungua. Kwenye mteremko tumia 2 au L, injini ikusaidie breki. Kuserereka frii ili kuokoa mafuta ni hatari isiyo na faida: injini ya EFI ikiwa kwenye gia hukata mafuta yenyewe unapoachia pedeli. Na otomatiki likikwama, usilivute magurudumu yanayoendeshwa yakiwa chini. Pampu ya oili huzungushwa na injini, kwa hiyo ndani panasagika pakavu. Noah ya zamani inayosukumwa na magurudumu ya nyuma ifunguliwe propela shafti kwanza.

Ikibidi kubadilisha giaboksi, linganisha namba yake iliyo kwenye kibati cha gari, palipoandikwa TRANS/AXLE, na ile ya giaboksi ya mtumba kabla nauli ya mzigo kutoka Dar es Salaam haijalipwa. Wakati wa kufunga, tokonveta izungushwe huku ikisukumwa mpaka izame kabisa. Ikibanwa kwa bolti kabla haijazama, pampu mpya itavunjika siku hiyo hiyo. Mabomba ya kupoozea na rejeta yasafishwe hadi oili itoke safi, kwa sababu chenga za giaboksi iliyokufa bado zimo humo, na zitaingia kwenye mpya mara injini itakapowashwa.