Kinachoifanya Nanga Ishike

Wavuvi wa mshipi hutia nanga kila waendapo baharini. Chombo kikishafika juu ya mwamba wenye samaki, tanga huteremshwa au mashine huzimwa, nanga huenda chini, na kuanzia hapo usalama wa watu wote chomboni unategemea kipande cha chuma ambacho hakuna anayekiona. Kikishika, watu watavua na hata kusinzia. Kikiachia usiku, kusi ikivuma kuelekea mwambani, chombo kitavunjika kabla ya mashine kuwaka.

Hata hivyo, tukiulizana kwa nini nanga hushika, wengi tutajibu kwamba ni kwa sababu ya uzito wake. Jibu hilo lina ukweli kidogo tu, na limeponza watu. Tulichambue taratibu, tukianza na nguvu zinazokivuta chombo juu ya maji, kisha tushuke na kamba mpaka kwenye mchanga.

Chombo kinavutwa na nini?

Wavutaji ni watatu: upepo, mkondo na mawimbi.

Upepo ni hewa inayotembea. Kasi yake ikizidi mara mbili, mambo mawili hutokea kwa pamoja: kila sekunde hewa mara mbili zaidi hukipiga chombo, na kila sehemu ya hewa hiyo hukipiga kwa kasi mara mbili. Mbili mara mbili ni nne. Kwa hiyo upepo ukiongezeka maradufu, nguvu yake huongezeka mara nne. Chukua mashua ndogo ambayo ikitazamwa kwa mbele, inaupa upepo eneo la mita 2 za mraba. Upepo wa kilomita 36 kwa saa utaivuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 12 hivi. Ukifika kilomita 72 kwa saa, kama unavyoweza kufika dhoruba inapopita, mvuto unakaribia kilo 50.

Mkondo ni wa polepole kuliko upepo, lakini maji ni mazito kuliko hewa zaidi ya mara 800. Ndiyo maana mkondo wa mita 1 tu kwa sekunde, ule unaopita kwenye milango ya miamba maji yanapokupwa, unaweza kukivuta chombo kwa nguvu inayokaribia ile ya upepo mkali.

Mkali kuliko wote ni mawimbi, kwa sababu hayavuti kwa utulivu. Hukirusha chombo nyuma, kisha kamba hukisimamisha ghafla. Mashua yenye uzito wa tani 1, ikirudi nyuma kwa mita 1 kwa sekunde na kusimamishwa ndani ya sentimita 10, huivuta nanga kwa nguvu ya kilo 500 hivi. Mashua hiyohiyo, kwa mwendo uleule, ikisimamishwa taratibu ndani ya mita 1, mvuto unashuka mpaka kilo 50. Kwa hiyo kamba inayonyumbuka huiokoa nanga, na kamba ngumu iliyofupishwa huing'oa.

Uzito peke yake hauwezi

Sasa tulipime lile jibu la uzito. Tushushe tofali la zege la kilo 20. Likizama, maji hulisukuma juu kwa nguvu sawa na uzito wa maji liliyoyapisha. Hiyo ndiyo kanuni ya Archimedes. Zege lina uzito wa mara mbili na nusu hivi tu kuliko maji, kwa hiyo chini ya bahari tofali letu linabaki na uzito wa kilo 11 na nusu. Mawe ya kawaida yako karibu na hapo.

Tofali hilo halijachimba chochote. Linazuiwa na msuguano tu, na msuguano juu ya mchanga ni kama nusu ya uzito unaokandamiza. Tunabaki na kilo 6. Tumeona kwamba upepo wa kilomita 36 kwa saa huvuta kwa kilo 12, kwa hiyo tofali litaburutwa. Ili lihimili ule mvuto wa kilo 50, lingehitaji kuwa na zaidi ya kilo 160, na hakuna ngalawa inayobeba mzigo huo kwa ajili ya nanga.

Chuma kina nafuu: majini hupoteza sehemu moja tu kati ya nane ya uzito wake. Lakini donge la chuma la kilo 20 nalo litakupa kilo 9 hivi za msuguano, ambazo bado ni chache. Ajabu ni kwamba nanga ya chuma yenye umbo zuri na uzito wa kilo 5 tu, ikizama vyema kwenye mchanga mgumu, huhimili mvuto wa zaidi ya kilo 50, mara kumi ya uzito wake. Nguvu hiyo haitoki kwenye chuma. Inatoka kwenye mchanga.

Kazi ya mchanga na kazi ya pembe

Kucha la nanga likishazama, haliwezi kusogea mbele bila kuusukuma mchanga ulio mbele yake, na mchanga huo hauwezi kusogea bila kuuinua ule ulio juu yake. Kadiri kucha linavyokwenda chini, ndivyo mchanga wa kuinuliwa unavyokuwa mwingi, na ndivyo chembe zake zinavyokandamizwa zaidi na kusuguana. Kina cha kucha kikiongezeka mara mbili, ukinzani huongezeka zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo swali la msingi ni hili: nini hulizamisha kucha, na nini hulitoa?

Fikiria jembe lililokwama ardhini. Ukiuvuta mpini ukiwa umelala karibu na ardhi, jembe linazidi kuuma udongo. Ukiuinua mpini juu, jembe lilelile linatoka kwa urahisi. Uzito wa jembe haukubadilika, wala udongo. Kilichobadilika ni pembe ya mvuto. Nanga hufuata kanuni hiyohiyo, na kinachoiamua pembe hiyo ni urefu wa kamba.

Hesabu yake ni nyepesi. Pima kina cha maji, ongeza kimo cha omo kutoka kwenye uso wa maji, kisha linganisha jumla hiyo na urefu wa kamba uliyoitoa. Kamba iliyonyooka ikiwa mara mbili ya jumla hiyo, nusu ya mvuto wote inainua nanga. Ikiwa mara tatu, theluthi inainua. Ikiwa mara tano, ni sehemu moja kati ya tano. Na ikiwa mara saba, ni sehemu moja tu kati ya saba, kwa sababu kamba imelala kwa pembe ya digrii 8 hivi. Ndiyo maana mabaharia wa dunia nzima hushika mara tano kuwa kiasi cha kawaida, na mara saba hali inapochafuka au watu wanapolala.

Mtego wa bamvua

Pwani ya Tanzania na Kenya ina jambo linaloiharibu hesabu hii kimyakimya. Siku za bamvua, tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa huweza kukaribia mita 4, na maji huchukua saa 6 na dakika chache tu kutoka hali moja hadi nyingine.

Tuseme umetia nanga usiku maji yakiwa yamekupwa, kina ni mita 3, na omo iko mita 1 juu ya maji. Jumla ni mita 4. Umetoa kamba ya mita 20, mara tano kamili. Kabla ya alfajiri maji yamejaa kwa mita 3 na nusu. Jumla sasa ni mita 7 na nusu, na kamba yako, ambayo hakuna aliyeigusa, imeshuka hadi chini ya mara tatu. Mvuto unaoinua nanga umepanda kutoka sehemu moja kati ya tano hadi zaidi ya theluthi, na wakati huo watu wamelala. Kwa usiku huo kamba iliyohitajika ilikuwa mita 37 na nusu. Piga hesabu ya kamba kwa kina cha maji yakijaa, si kwa kina unachokiona.

Kuchagua nanga, mnyororo na kamba

Kwa kuwa sakafu ndiyo inayoshika, chagua nanga kwa kuijua sakafu. Chubwi lenye kishimo kilichopakwa shahamu au sabuni kwenye kitako litakuletea chembe za mchanga, tope, au litarudi tupu, na hapo utajua kuna mwamba.

Kwenye mwamba, ambako hakuna cha kuchimba, inafaa nanga ya makucha manne, ile ambayo mafundi wetu huichomelea kwa nondo. Inashika kwa kunasa. Kwenye mchanga makucha yake membamba hupita kama yanavyopita maji kwenye wavu. Huko panahitajika bapa pana. Mwaka 1933 mwanasayansi wa Cambridge, Geoffrey Ingram Taylor, aliyebobea katika mwendo wa maji na hewa na kupenda kusafiri kwa tanga, alisajili nanga yenye umbo la plau inayojichimbia kadiri inavyovutwa. Miaka michache baadaye Mmarekani Richard Danforth alileta nanga ya bapa mbili zinazokunjika, nyepesi sana kwa nguvu yake. Hii hushika vizuri mno kwenye mchanga na tope, lakini chombo kikigeuka ghafla huweza kung'oka, na kwenye majani ya bahari huteleza juu ya mizizi. Chombo kinachovua kwenye mchanga na mwamba kibebe nanga mbili za aina tofauti.

Kati ya nanga na kamba weka mnyororo, angalau mita 3 hadi 5. Mnyororo wa milimita 8 una uzito wa karibu kilo 1.4 kwa mita. Hulala sakafuni na kuulaza mpini wa nanga, na matumbawe hayaukati kama yanavyokata kamba. Kwa kamba, nailoni ni bora kwa sababu hunyumbuka na huzama. Kamba nyepesi za plastiki zinazouzwa kwa bei nafuu huelea, hunyumbuka kidogo, huweza kujisokota kwenye rafadha, na jua huzila. Kamba ya katani huoza ndani kabla haijaonyesha dalili nje.

Kutia na kung'oa

Elekeza omo kwenye upepo au mkondo, kutegemea upi una nguvu. Chombo kisimame kabisa. Teremsha nanga kwa mkono, usiitupe, maana nanga iliyotupwa huangukiwa na mnyororo na kujifunga. Acha chombo kirudi nyuma chenyewe huku ukitoa kamba. Ukifika mara tatu ya kina, ikaze kidogo ili makucha yaanze kuuma. Kisha endelea mpaka urefu kamili, uifunge omo.

Kamwe usifunge nanga tezi. Tezi ni pana na fupi, na boti nyingi zimebeba mashine hapo. Wimbi litapanda juu badala ya kupasuliwa, na chombo kitajaa maji.

Sasa hakikisha. Weka kiganja kwenye kamba: ikitulia, nanga imeshika, ikitetemeka na kugutuka, inaburutwa. Kisha panga alama mbili za nchi kavu, moja nyuma ya nyingine, kama mnazi na mnara, ile mbinu mnayoitumia kuupata mwamba wa samaki. Alama zikiachana na zisirudi, chombo kinasogea. Dawa ya kwanza ni kutoa kamba zaidi.

Wakati wa kuondoka, vuta kamba mpaka omo iwe juu ya nanga. Pembe iliyokuwa adui sasa ni msaada: kamba ikisimama wima, mpini huinuka na kucha hutoka. Kwa mwamba, jiandae mapema. Funga kamba kwenye kitako cha nanga, uilaze kando ya mpini, kisha uifunge kwenye pete kwa uzi mwembamba. Nanga ikinasa, vuta kwa nguvu. Uzi utakatika na nanga itatoka kinyumenyume.

Lakini mwamba ulio hai usiuchukulie kuwa mahali pa kunasia. Matumbawe mengine hukua sentimita 1 hivi kwa mwaka, na nanga moja huvunja kazi ya miaka mingi kwa dakika chache, pamoja na makazi ya samaki unaowafuata. Mafia, ambako hifadhi ya bahari ilianzishwa mwaka 1995, na kwingineko pwani, tafuta uwazi wa mchanga kando ya mwamba. Toa kamba mpaka chombo kifike juu ya samaki, na palipo na boya la kufungia, funga hapo.

Basi nahodha, ukipata fedha ya kuongeza kitu kimoja tu chomboni msimu huu, usinunue nanga nzito zaidi. Nunua kamba ndefu na mita chache za mnyororo, na ukitia nanga, ihesabu bamvua kabla hujalala.