Pweza wa Chuma wa Jang'ombe: Mafunzo Niliyopata

Mwanzo wa pweza huyu ulikuwa Makunduchi, Unguja, mwezi wa Julai, siku ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya. Mtu aliingia ndani ya kibanda cha makuti, kikatiwa moto, naye akatoka mbio, mzima. Wazee husema akinusurika yeye, mwaka unaoingia moto hautaua mtu. Makuti yale yaliteketea kwa dakika chache tu. Njia nzima ya kurudi mjini nikawa naufikiria moto ambao ungekaa juu ya kitu kisichoisha.

Mimi huchomelea mageti na madirisha hapa Jang'ombe. Nikawaeleza wenzangu wa karakana na vijana wa mtaani: tujenge pweza wa chuma, mikono minane, na kila ncha itoe moto. Hakuna aliyelipwa. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Kiulize chuma chakavu kilikotoka.

Tulikusanya rimu, minyororo ya pikipiki, springi za gari, mabomba ya maji na pipa moja kubwa la kichwa. Kijana mmoja alikwishawasha grinda alikate pipa, fundi wetu akamshika mkono. Pipa lililobeba petroli huonekana tupu, lakini mvuke umo, na cheche moja hulifanya bomu. Tulilisafisha kwa sabuni, tukalijaza maji karibu na mdomo, na hapo tu tukaanza kukata.

Mabomba yalinifunza mimi mwenyewe. Yalikuwa yamepakwa zinki ili yasishike kutu. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, na chuma huyeyuka karibu na 1,500, kwa hiyo ukichomelea, zinki imeshakuwa moshi mweupe kabla chuma hakijayeyuka. Niliuvuta moshi ule mchana kutwa. Usiku nikatetemeka kama mwenye malaria, kinywani ladha ya senti. Asubuhi homa ikaondoka, na tangu siku hiyo zinki tunaikwangua kwanza, tena uwanjani penye upepo. Wapo wanaokunywa maziwa wakidhani yatawakinga. Maziwa hayafiki mapafuni.

2. Anayejitolea hubaki akipewa kazi ya mikono yake.

Wiki ya kwanza walikuja watu wengi. Wiki ya tatu nusu yao hawakuonekana. Sisi mafundi tulikuwa tukichomelea, na wengine wakisimama kutushikia vyuma. Nani atakaa kwa kushika tu?

Kuna kikundi cha San Francisco, Marekani, kiitwacho Flaming Lotus Girls, kilichoanza mwaka 2000, kinachoongozwa na wanawake na kuendeshwa kwa kujitolea. Mwaka 2006 walipeleka jangwani Nevada, kwenye tamasha la Burning Man, mifupa ya nyoka wa kike wa chuma, urefu wake zaidi ya mita 50, amejizungusha kulinda yai lake, moto ukimtoka uti wa mgongo. Kwao mgeni hufundishwa kuchomelea, na kazi yake huingia kwenye sanamu. Nililipenda hilo kuliko nyoka mwenyewe.

Tukaugawa mwili wa pweza. Kila mkono ukapata watu wake, na katika kila kundi lazima awemo asiyewahi kushika mashine. Mshono wa kwanza wa binti mmoja wa skuli ulikuwa kama matone ya nta. Fundi alitaka kuusaga. Nikamwomba auache, maana ulikuwa umeshika vizuri. Binti yule hakukosa Jumamosi hata moja.

3. Umeme ukiwepo, chomelea. Usipokuwepo, pinda na piga tupa.

Waliokuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kilipokaa gizani miezi mitatu, hawahitaji kuelezwa kwa nini.

4. Gesi ina tabia, izoee kabla hujaiwasha.

Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko pote, na sijutii hata siku moja. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipai, hulala chini, hutambaa na kujikusanya shimoni kama maji. Ndiyo maana pweza tulimweka kwenye kiwanja kilichoinuka, mbali na mitaro. Kila kiungo tulikipaka povu la sabuni tukitazama mapovu.

Ukiivuta kwa wingi, mtungi hupoa, hutoka jasho, na moto hunywea. Tukaunganisha mitungi kadhaa ili mmoja usielemewe. Na sheria moja tuliiandika kwa rangi kwenye pipa: moto mdogo kwanza, gesi baadaye. Ukifungulia gesi kisha ukatafuta kiberiti, umeshachelewa.

5. Chuma cha moto hurefuka.

Upau wa mita 1 ukipanda joto nyuzi 500 huongezeka kama milimita 6. Tuliubana mkono wa kwanza pande zote mbili, ukajipinda na mshono ukapasuka. Iliyofuata tuliiacha itembee kwenye matundu marefu ya bolti.

6. Moto wa mtaa una wenyewe.

Tulikwenda kwa sheha kabla ya kuuwasha, tukawaita wa zimamoto waje waukague, na kila valvu ikawa na mtu wake asiyeondoka, ndoo ya mchanga miguuni. Mikono yote minane ilipowaka, watoto walipiga kelele mpaka sauti zikawakauka.

Bibi mmoja wa jirani, aliyewinda pweza ufukweni kwa miaka mingi bamvua linapokupwa, alizunguka sanamu mara mbili. "Wanangu," akasema, "pweza hanyooshi mikono yote. Mmoja hushika jiwe."

Tukafunga valvu moja. Siku ya pili tukaenda kutafuta jiwe la matumbawe, tukaukunja mkono ule kulizunguka.