Dondoo muhimu: Buli la udongo la Kijapani

Buli aina ya kyusu, lenye mkono wa pembeni kama yale ya mji wa Tokoname, Japani, linadumu miaka mingi likitunzwa. Umbo la kisasa lisikupumbaze dukani.

1. Lijaribu kwa maji: ziba kitundu cha kifuniko kwa kidole, mimina. Maji yakikatika, kifuniko kimekaa barabara.
2. Chungulia chujio la ndani. Vitundu vichache na vikubwa hupitisha majani.
3. Unatumia mkono wa kushoto? Uliza kwanza, maana mengi hutengenezwa kwa wa kulia.
4. Usilibandike motoni kamwe.
5. Acha maji yapoe: nyuzi 70 hadi 80 kwa sencha, 50 hadi 60 kwa gyokuro, zote chai za kijani za Kijapani. Yanayotokota huleta uchungu.
6. Mimina mpaka tone la mwisho, la sivyo mkupuo wa pili utakuwa mchungu.
7. Suuza kwa maji moto, bila sabuni; udongo usiopakwa utando wa kung'aa hunyonya harufu. Chai ya maziwa na tangawizi ipikie kwenye sufuria.
8. Kosa la wengi: kulifunika likiwa bado na unyevu. Likaushe wazi, lisiote ukungu.
9. Shika kifuniko unapomimina. Husuguliwa kilingane na buli lake. Kikivunjika, cha jingine hakitakaa.