Injini Iliyoharibika: Itengenezwe au Ibadilishwe?

Injini ya gari kuukuu inapoharibika, maneno huwa mengi kuliko vipimo. Mmoja husema injini imekwisha, inunuliwe nyingine. Mwingine husema itengenezwe hiyohiyo, kwani za siku hizi hazidumu. Aghalabu wote wawili huwa wamesema kabla injini haijafunguliwa. Nia ya somo hili ni kuonyesha kwamba swali hilo ni la kisayansi, na kwamba jibu lake hupatikana kwa kupima kwanza na kuhesabu baadaye.

Miaka kadhaa iliyopita mkuu wa shule moja ya sekondari ya bweni aliniomba ushauri. Shule yake ilikuwa na gari moja tu, pikapu aina ya Peugeot 504. Gari hilo lilibeba mahindi na kuni, na usiku wa dharura liliwapeleka wanafunzi wagonjwa hospitalini. Siku moja injini ilichemka njiani, ikazimika. Kamati ya shule ilichukua fedha zilizokuwa zimewekwa kwa ajili ya vifaa vya maabara, ikanunua injini ya mtumba ya aina ileile. Baada ya wiki tatu injini hiyo nayo ikachemka. Tulipochunguza tuliona kwamba rejeta ilikuwa imezibwa na kutu pamoja na ukoko wa chumvi za maji ya kisima. Tulipoifungua injini ya kwanza, iliyokuwa imetupwa nyuma ya stoo, tuliona kwamba kilichoungua ni gasketi tu. Basi injini mbili ziliharibiwa na ugonjwa mmoja, na shule ikakosa gari na vifaa vya maabara pia.

Kisa hiki kina funzo la kwanza: kuharibika kwa injini na chanzo cha kuharibika ni mambo mawili mbalimbali. Anayebadilisha injini bila kuondoa chanzo hununua ajali ya pili.

Joto na metali

Katika injini ya petroli, chini ya theluthi moja ya nishati ya mafuta ndiyo inayogeuka kuwa kazi ya kuendesha gari. Sehemu kubwa ya nishati iliyobaki hutoka kwa moshi na kwa maji ya rejeta. Maji yakipungua au njia zake zikiziba, joto halina pa kwenda ila kubaki ndani ya metali.

Bloku ya injini ya Peugeot 504 ni ya chuma cha kusubu, na kichwa chake cha silinda ni cha alumini. Metali hizi hazitanuki sawasawa. Joto likiongezeka kwa nyuzi 1 ya sentigredi, mita moja ya alumini hutanuka kwa milimita 0.023 hivi, na mita moja ya chuma cha kusubu kwa milimita 0.011 hivi. Tuchukue mfano wa kichwa chenye urefu wa sentimita 50. Joto likiongezeka kwa nyuzi 100, alumini itataka kurefuka kwa milimita 1.15, na chuma kilicho chini yake kwa milimita 0.55 tu. Tofauti ni milimita 0.6. Kwa kuwa boliti zimekibana kichwa, hakiwezi kutanuka kwa uhuru. Joto likipita kiasi, kichwa hupinda au hupasuka, na gasketi iliyo katikati huachia.

Kupima kabla ya kuamua

Vipimo vya kwanza havihitaji kufungua injini. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani yake. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikiwa ya moto ni dalili kwamba maji yanaingia ndani ya silinda. Moshi wa buluu ni dalili kwamba oili inaungua. Mwanafunzi akumbuke asifungue kifuniko cha rejeta ya moto. Maji yaliyo chini ya kani-eneo kubwa huweza kuwa na joto la zaidi ya nyuzi 100 bila kuchemka; kifuniko kikifunguliwa hugeuka mvuke mara moja, yakaunguza vibaya.

Kipimo cha pili ni cha mgandamizo. Fundi huondoa plagi zote, hufunga geji mahali pa plagi, kisha huzungusha injini kwa stata. Tuseme silinda 4 zimeonyesha kilo 10, 4, 4 na 10 kwa kila sentimita mraba. Fundi humimina oili kidogo katika silinda dhaifu na kupima tena. Mgandamizo ukipanda, ringi za pistoni zimelika, kwani oili imeziba nafasi zake. Usipopanda, kasoro iko kwenye vali au kwenye gasketi. Na kwa kuwa silinda dhaifu ni mbili zilizopakana, gasketi ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Kipimo cha tatu hufanywa injini ikiwa imefunguliwa. Rula ya chuma iliyonyooka huwekwa juu ya uso wa kichwa ili kuona kama umepinda. Mpindo wa sehemu ya kumi ya milimita huweza kutosha kuvujisha. Kranki hupimwa kwa mikromita. Hapo ndipo njia hugawanyika. Gasketi, vali, ringi na kichwa kilichopinda kidogo hutengenezeka. Bloku iliyopasuka, au iliyotobolewa na mkono wa pistoni uliokatika, kwa kawaida huamua kubadilisha injini.

Katika Peugeot 504 kuna jambo la kuzingatia zaidi. Silinda zake ni silivu zinazochomoleka, zenye kuzungukwa na maji. Zikilika, hubadilishwa pamoja na pistoni zake bila kuchonga bloku. Lakini kichwa kikiondolewa bila kuzibana silivu, zikatikisika, sili iliyo chini huweza kuachia na maji yakaingia kwenye oili. Ufundi wa haraka hapa huzaa uharibifu mpya.

Kuhesabu

Bei pekee haitoshi; hatuna budi kugawanya gharama yote kwa kilomita tunazotarajia. Tuchukulie, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba matengenezo kamili ni shilingi 1,800,000 na injini itatembea kilomita 90,000. Kila kilomita itagharimu shilingi 20. Injini ya mtumba, pamoja na kuifunga, ni shilingi 1,500,000. Ikitembea kilomita 50,000, kila kilomita ni shilingi 30. Ikitembea 100,000, ni shilingi 15. Kumbe rahisi huweza kuwa ghali, na uamuzi wote unategemea jambo ambalo muuzaji hasemi: injini hiyo imelika kiasi gani. Kwa hiyo nayo ipimwe mgandamizo kabla ya kulipiwa.

Injini ya aina nyingine huongeza gharama: vishikizo, giaboksi, nyaya na rejeta huenda visilingane nayo. Tena namba ya injini huandikwa katika kadi ya gari, hivyo mabadiliko yaarifiwe kwa mamlaka ya usajili. Fedha zilizokwisha kutumika zisiingizwe katika hesabu, kwa sababu hazirudi kwa uamuzi wowote. Na kama fremu na bodi vimeoza kwa kutu, jibu la haki huenda likawa kutofanya lolote kati ya hayo mawili.

Mkuu wa shule ile hatimaye alitengeneza injini ya kwanza, baada ya kubadilisha rejeta. Kazi hiyo ingaliweza kufanywa tangu mwanzo, na fedha za maabara zikabaki.

Maswali

1. Silinda ya Peugeot 504 ya petroli ina kipenyo cha milimita 88, na pistoni husafiri milimita 81. Onyesha kwamba ujazo wa silinda zote 4 ni sentimita za ujazo 1971 hivi.

2. Katika mfano wa hesabu hapo juu, injini ya mtumba haina budi kutembea kilomita ngapi ili gharama yake kwa kilomita ilingane na ya matengenezo?

3. Silinda zote 4 zimeonyesha mgandamizo mdogo, nao umepanda baada ya kumiminwa oili. Eleza kasoro ni nini, na ungependekeza nini.