Kuhama Nyumba Ukiwa na Mkopo wa Rehani

Mwenye mkopo wa nyumba anapopata nyumba nyingine, mara nyingi hudhani kwamba mkopo utamfuata kama zinavyomfuata samani zake. Sivyo. Deni ni lako, lakini rehani imesajiliwa kwa Msajili wa Hati juu ya nyumba ya kwanza. Haihami mpaka ifutwe huko na nyingine isajiliwe juu ya hati mpya. Ndiyo maana tunashauri kwamba wa kwanza kuonwa awe benki yako, kabla ya dalali na kabla ya muuzaji.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kuiomba benki ibadilishe dhamana: mkataba wa mkopo, riba na muda uliosalia hubaki, ila nyumba mpya huchukua nafasi ya ile ya zamani. Benki hailazimiki kukubali, na ikikubali itataka uthamini, upekuzi wa hati na uthibitisho mpya wa kipato chako. Nyumba mpya ikiwa na bei kubwa zaidi, fedha ya nyongeza huweza kutozwa riba tofauti. Njia ya pili ni kulimaliza deni kwa fedha za mauzo, kisha kuomba mkopo mpya.

Njia ya pili hupendwa kwa sababu rejesho la mwezi huweza kupungua. Hapo ndipo tunapomwomba msomaji achukue kalamu. Tuseme umebakiza deni la shilingi milioni 60 na miaka 10, kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka juu ya salio linalopungua. Rejesho lako ni takriban shilingi 968,000 kwa mwezi. Ukikopa upya kiasi hicho hicho, kwa riba hiyo hiyo, kwa miaka 15, rejesho hushuka hadi takriban shilingi 840,000. Unafuu huo wa mwezi utakugharimu, hadi mwisho wa mkopo, karibu shilingi milioni 35 zaidi. Na hapo hatujahesabu ada ya kulipa deni kabla ya wakati, kama mkataba wako unayo, wala gharama za mwanasheria, mthamini, bima na usajili. Omba jumla ya malipo yote kwa maandishi, kwa kila njia, ndipo ulinganishe.

Ugumu mwingine ni mpangilio wa hatua. Hati yako iko benki. Mnunuzi wako hataki kulipa bila kuiona ikiwa huru, na benki haiiachii bila kulipwa. Fundo hili hufunguliwa kwa barua ya benki inayotaja salio la kulimaliza deni hadi tarehe fulani, na kwa mnunuzi, au benki yake, kulipa sehemu hiyo moja kwa moja katika akaunti ya mkopo. Wakati huo muuzaji wa nyumba unayoitaka anadai malipo ya awali. Usiyatoe kabla benki haijajibu kwa maandishi, au hakikisha mkataba unasema yatarejeshwa iwapo benki itakataa. Wengi hupoteza fedha hapa, si kwenye riba.

Ikiwa nyumba ni ya ndoa, Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inataka ridhaa ya mwenzi katika kuiweka rehani. Sahihi ya mume au mke hutafutwa mapema, si asubuhi ya kusaini.

Kuna pia makubaliano ya mdomo: mnunuzi anahamia na kuahidi kuendeleza marejesho kwa jina lako. Tunayakataza bila kusita. Akiacha kulipa, benki itakudai wewe, na nyumba anayoishi yeye inaweza kuuzwa. Mkopo huhamishiwa mtu mwingine kwa idhini ya maandishi ya benki tu.

Benki ikikawia kutoa barua ya salio, au ikikutoza ada ambayo haimo katika mkataba, andika malalamiko kwa benki yenyewe kwanza, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Usiporidhika na majibu, yapeleke Benki Kuu ya Tanzania pamoja na nakala hiyo, mkataba wa mkopo na taarifa ya akaunti.